Mifupa ya Tendaguru ising'olewe kwa jembe

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilipelekwa Ujerumani, unapoibuka, maneno huishia Berlin: arudi lini, nani alipe, awekwe wapi. Ni mjadala halali, ingawa wengi hawajui kwamba yule mwenye kimo cha meta 13.27 ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, na pingili zake nyingi za shingo na mgongo ni nakala kwa kuwa zile halisi ni nzito na dhaifu mno. Sisi tunataka kusema juu ya mifupa ambayo haijaondoka Lindi.

Tendaguru ni kilima kilichoko kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Miamba yake, ya takriban miaka milioni 150, imepangana kwa zamu: tabaka lenye mifupa ya dinosaria, juu yake mchanga mgumu wenye makombe na konokono wa baharini, kisha mifupa tena. Matabaka ya mifupa ni matatu. Mfupa uking'olewa bila kuandikwa ulitoka lipi, hakuna atakayejua kwa hakika kama mnyama huyo aliishi kabla au baada ya mwenzake.

Udongo unaoishika mifupa hiyo huvimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi, hivyo mfupa hupasuka ndani huku nje ukionekana mzima. Anayeuvuta hubaki na vipande. Kinachofuata ni kuunga kwa gundi kali ya dukani au, vibaya zaidi, saruji, ambayo ni ngumu kuliko mfupa wenyewe na haitoki bila kuuvunja. Wataalamu hutumia gundi iitwayo Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni, kwa sababu asetoni hiyohiyo huiondoa ikibidi kurudia kazi.

Kwa hiyo ukiona mfupa, tazama kwanza pale ulipovunjika: mara nyingi una vitundu vidogo vingi kama sifongo. Weka rula au sarafu kando, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mteremko wote, kisha hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Vipande vilivyoporomoka usivikusanye, maana mstari wao ndio unaoelekeza juu kwenye chanzo. Funika kwa udongo uleule. Nailoni haifai, hufungia unyevu. Halafu toa taarifa ofisi ya kijiji, nayo iwasiliane na Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Kuchimba bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Kazi ya kutoa ni ya watu wenye vifaa. Huchimbwa mtaro kuuzunguka mfupa, ukiachwa na udongo wake. Hulazwa karatasi laini iliyoloweshwa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, na fito za kuimarisha. Karatasi ikisahauliwa, plasta hung'ang'ania mfupa na kuubandua ngozi ya juu. Plasta ikikauka, chini hukatwa na mzigo kugeuzwa. Meta moja ya ujazo ina zaidi ya tani mbili. Lori lipangwe kabla, si baada.

Wajerumani walipochimba hapa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa zilifika bandari ya Lindi mabegani na vichwani mwa wapagazi, mifupa mingine ikiwa imefungwa kwa mianzi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ujuzi huo ulikuwa wa watu wa hapa.

Tunapendekeza halmashauri iipe kila ofisi ya kijiji jirani na kilima daftari moja la visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe: tarehe, mahali, tabaka, picha, na jina la aliyeona.

Wasomaji wako,
Lindi