Chuo cha chopa kije Mbeya, ila kwanza tujue zitakuwa zinazungukia juu ya nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii ishu ya wapi marubani wa helikopta wafundishiwe huku kwetu, maana vijiweni naisikia inaongelewa kama vile kazi yote ni kutafuta kiwanja kitupu halafu basi. Mimi ni mkazi wa Mbalizi na nasema wazi kabisa, chuo cha chopa nakitaka. Kule Kilimanjaro chopa ndo zinawashusha wapanda mlima waliozidiwa, kwenye hifadhi zinatumika kuwasaka majangili, na sisi tuna milima, tuna Ruaha, tuna vijiji ambavyo masika barabara ikikatika mama mjamzito anabebwa kwenye machela. Kijana wa Tukuyu au Makete akipata sehemu ya kujifunza karibu na kwao nitafurahi kuliko mtu yeyote. Ila nataka tujadili kelele kabla ya kuweka jiwe la msingi, sio baada.

Tatizo ni kwamba wengi wetu chopa tunaijua ile ya kampeni. Inakuja, watoto wanakimbia uwanjani, inatua, vumbi linapanda mpaka humuoni mwenzako wa pembeni. Mwaka mmoja wa uchaguzi nilikuwa nimesimama karibu na mama mmoja anayekaanga maandazi pembeni ya uwanja, upepo wa mapanga ya chopa, yale yanayozunguka juu yake, uling'oa turubai lake lote na beseni la maandazi likajaa mchanga, akabaki ameshika kijiko mkononi anaangalia tu, na hakuna aliyerudi kumuuliza hasara yake ni shilingi ngapi. Lakini hata hivyo ilikuwa ni siku moja, chopa ikaondoka, maisha yakaendelea.

Mafunzo sio hivyo jamani. Kwa viwango vya kimataifa mtu anayetafuta leseni ya kwanza ya helikopta, ile ya kurusha binafsi, anatakiwa awe na saa 40 hewani, kozi ikiwa imeidhinishwa zinapungua mpaka 35, na akitaka leseni ya biashara zinafika 150, au 100 kwa kozi iliyoidhinishwa. Huyo ni mwanafunzi mmoja. Na sehemu kubwa ya zile saa za mwanzo sio kusafiri kwenda popote, ni kupaa, kuzunguka, kushuka, kupaa tena, njia ile ile, juu ya mabati yale yale, kila baada ya dakika chache. Halafu kuna zoezi la kuelea, chopa inasimama futi chache tu kutoka ardhini mwanafunzi anajifunza kuituliza, na kuna lile la injini kushushwa nguvu makusudi ili ashuke mapanga yakizungushwa na hewa peke yake. Mtu anayesema "mbona ndege zinapita na tumezoea" anafananisha mgeni anayepita barabarani na mgeni aliyehamia sebuleni.

Na sauti yenyewe haiko sawa muda wote. Ile pa-pa-pa inayoingia mpaka kifuani inakuwa kali zaidi chopa ikiwa inashuka, kwa sababu mapanga yanaikata hewa ambayo yenyewe yameshaivuruga sekunde hiyo hiyo. Rubani anaweza kuipunguza akibadilisha spidi na mteremko wa kushukia, hilo linafundishika na nchi za wenzetu lipo kwenye miongozo ya marubani. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye chuo sio "eneo lako lina eka ngapi", muulize utashukia upande gani, nani anaishi chini ya hiyo njia, na wanafunzi wako watashuka kwa mteremko upi.

Sasa wapo wanaosema airport ya zamani ya pale mjini itumike, kisa ipo na barabara inafika. Mimi siafiki hata kidogo. Ule uwanja uko kwenye futi kama 5,600 juu ya usawa wa bahari, na marubani wanajua kwamba kila nyuzi moja ya joto ikizidi kipimo cha kawaida cha mwinuko huo, ni kama umeongezewa futi 120 hivi. Mchana wa nyuzi 26 chopa pale inahisi iko kwenye futi zaidi ya 8,000, hewa nyepesi, nguvu zimepungua, inapaa taratibu. Na ikipaa taratibu maana yake inakaa chini chini juu ya nyumba za watu muda mrefu zaidi, kwa hiyo hoja ya mwinuko na hoja ya kelele kwa Mbeya ni hoja moja.

Hapo ndo kuna kitu ambacho sijasikia mtu akikisema. Kwa sababu mchana hewa ni nyepesi, mwalimu yeyote wa urubani atataka kuanza asubuhi na mapema kukiwa na baridi, chopa ina nguvu, upepo umetulia. Na asubuhi ya baridi ndo sauti inasafiri mbali kuliko muda wowote, kwa sababu hewa baridi inakuwa imelala chini bondeni na ya joto iko juu yake, sauti inarudishwa chini badala ya kupotea angani. Sisi huku tunalijua hili bila kusomea, mwezi wa sita na wa saba saa kumi na moja alfajiri unasikia malori yanavyoshuka Iwambi kwa breki za injini kama yako nyuma ya nyumba yako. Yani muda mzuri kwa rubani ndo muda mbaya kwa mgonjwa aliyelazwa, kwa mama mwenye kichanga aliyekesha na kwa mtoto wa darasa la saba anayerudia masomo. Kama hili halikuandikwa kwenye mkataba, litaamuliwa na mwenye mafuta na ratiba.

Wengine wanasema basi wapelekwe kusiko na watu. Wapi huko? Usangu ukiitazama kwenye ramani unaona tambarare, lakini kuna mashamba ya mpunga, kuna mifugo, na upande wa kinamasi cha Ihefu ni Hifadhi ya Ruaha tangu 2008, ndege wa majini ni wengi mno, ni hatari kwao na ni hatari kwa mwanafunzi aliye peke yake kwenye chopa. Kitulo ni hifadhi na ni juu sana, hewa nyepesi kuliko hata Mbeya mjini. Sao Hill ni msitu wa kupandwa, miti kila upande, injini ikizima mwanafunzi atue wapi, na kuna watu wana mizinga yao ya nyuki mle. Njombe uwanja uko mjini kabisa.

Kwa maoni yangu sehemu ya kuanza kuichunguza ni upande wa uwanja wa Songwe, ambao umefanya kazi tangu Desemba 2012, uko chini kidogo, futi kama 4,400, una waongozaji wa ndege na zimamoto, na watu wa pale ndege wanazijua. Na kwa Iringa wangeutazama uwanja wao wa ndege wa Nduli kwa mtazamo huo huo. Mimi nasema haya nikijua Songwe ni karibu na kwangu, kelele nitaisikia mimi na majirani zangu, siwatupii watu wa mbali. Ila isiwe mizunguko yote inafanyikia uwanjani pale pale, wawe na sehemu mbili tatu za mazoezi za kupokezana, leo huku kesho kule, ili kusiwe na kijiji kimoja kinachobeba mzigo wote.

Kabla ya kibali chochote chopa iletwe kwanza ya majaribio. Iruke ile njia yenyewe, asubuhi ya baridi na mchana wa joto, wiki nzima, NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, waje na vipimo vyao wasimame darasani, wodini, kwenye banda la ng'ombe wa maziwa wakati wa kukamua, sio getini kwa chuo. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo tunazo tangu 2015, zitumike. Na wasituletee wastani wa siku nzima peke yake, maana ukichanganya dakika za chopa na masaa ya ukimya unapata namba nzuri ambayo hakuna binadamu aliyeisikia. Watuonyeshe kila chopa ilipopita sauti ilikuwa desibeli ngapi, yani kipimo cha ukali wa sauti, na imepita mara ngapi.

Kwenye umbali nao tusidanganywe. Sauti inapungua desibeli 6 hivi kila umbali unapozidi mara mbili, kwa hiyo kuitoa njia mita 200 kutoka shuleni ikawa mita 400 kunasaidia sawa na kuitoa kilomita 2 ikawa kilomita 4. Mara nyingi kupinda njia kidogo tu ipite juu ya mto au shamba badala ya shule inatosha, na haigharimu mtu kitu, ila lazima uwaulize wenyeji shule iko wapi, zahanati iko wapi, mnada ni siku gani. Hayo yanaulizwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wote wamekaa, ramani imetandikwa mezani, sio mwenyekiti anaitwa ofisini anasaini.

Kwenye makubaliano naomba yaandikwe: saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mizunguko isizidi mingapi kwa siku, Jumapili hakuna, siku za mitihani ya taifa hakuna, kijiji kikiwa na msiba njia ihamishwe, na namba ya simu ambayo mtu akipiga inapokelewa na mtu mwenye uwezo wa kumwambia rubani hamisha njia sasa hivi.

Na la mwisho linaihusu halmashauri. Airport ya zamani nyumba zilijengwa mpaka zikaizunguka, na Mbalizi hii inavyokua na upande wa Songwe mambo yatakuwa hayo hayo. Njia za kuzungukia chopa zichorwe kwenye ramani ya mipango miji kabla viwanja havijapimwa na kuuzwa, na atakayeuziwa kiwanja chini yake aambiwe kwa maandishi siku ya kulipia.

Wako,
Mkazi wa Mbalizi,
Mbeya