Kumtumaini Mungu si kukunja mikono

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno ambalo hapa Pwani halikosekani katika matanga yoyote ya Wakristo, nalo ni kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nimelisikia tangu utotoni, nimelitamka mimi mwenyewe mbele ya majeneza mengi nikiwa mzee wa kanisa, na hadi leo naliamini. Lakini kwa miaka ya karibuni linanikwama kooni kila linapotamkwa mahali ambapo makosa yapo, tena ya wanadamu wanaojulikana kwa majina. Basi limepinduka kwa sababu dereva alikuwa akishindana na mwenzake, au mama amefariki akijifungua kwa sababu watu wa nyumbani walikataa asipelekwe hospitali mpaka usiku ulipoingia. Naye mhubiri anasimama, anafungua Biblia, anatuambia tunyamaze kwa kuwa Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ayubu aliyasema hayo juu ya msiba wake mwenyewe. Hakuyasema ili kumnyamazisha jirani.

Nina sababu ya kulishika jambo hili kwa uzito. Marehemu mke wangu aliugua kisukari kwa miaka mingi, na katika mwaka wa pili wa kudungwa insulini, mhubiri mmoja aliyepiga hema mtaani kwetu alimwambia mbele za watu kwamba sindano zile zilikuwa dalili ya imani haba, na kwamba siku atakayozitupa ndiyo siku atakayopona. Alirudi nyumbani kimya, akapakua chakula, akala. Kabla ya kulala aliitoa chupa ya dawa katika mtungi wa maji, ambamo tulikuwa tukiihifadhi kwa kuwa hatukuwa na jokofu, akainamisha kichwa akaomba, kisha akajidunga kama kawaida. Nilipomuuliza ameamua nini, alinijibu hivi: “Mimi sijui Mungu amenipimia siku ngapi, lakini sindano ya leo najua ni ya leo.” Aliishi miaka 11 baada ya usiku ule, akawaona wajukuu wawili.

Sijapata kusikia mahubiri yaliyoieleza imani katika maongozi ya Mungu vizuri kuliko jibu hilo. Lugha yetu ina neno majaliwa, nasi tunapoagana husema tutaonana Mungu akijalia, na masikioni mwangu neno hilo lina undugu na kujali. Anayesema hivyo hadai kuijua kesho. Anakiri tu kwamba kesho iko mikononi mwa anayemjali. Mtume Yakobo aliwaonya wafanyabiashara waliokuwa wakisema kwamba leo au kesho wataingia mji fulani, wakae humo mwaka mzima, wauze na kupata faida, akawaambia heri waseme, Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi. Tuangalie kwamba hakuwaambia wavunje safari wala wafunge maduka. Aliwapokonya majivuno, akawaachia kazi yao.

Wanaonitia hofu ni wale wanaofanya kinyume chake, yaani wanaotupokonya kazi na kutuachia majivuno. Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu ilianza kufukua makaburi ya msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, na kabla ya shughuli hiyo kwisha miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa, mingi ikiwa ya watoto. Sitasema neno juu ya kesi zilizo mbele ya mahakama. Ninachosema ni kwamba watu walishawishika kufunga mpaka kufa kwa kuamini kwamba kuna mtu anayeijua ratiba ya Mungu, na kwamba kumtumaini Mungu ni kumtii mtu huyo. Tangu hapo marafiki zangu wengi wasomi huzungumza kana kwamba kila anayesema anamtegemea Mungu yuko njiani kuelekea Shakahola. Siwalaumu kwa uchungu wao, lakini nawaomba waende mahali pengine katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, si mbali na Mazeras, wakaone tumaini la namna nyingine liliishi vipi. Mahali hapo ni Rabai, kituo cha kale cha wamisionari.

Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 kwa sababu mlango aliokuwa akiutaka ulikuwa umefungwa. Alikuwa amefanya kazi Uhabeshi kwa miaka kadhaa, akafukuzwa, na nia yake ya kuja pwani hii ilikuwa kutafuta njia nyingine ya kuwafikia Waoromo. Sayyid Said wa Zanzibar, mtawala Mwislamu, alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na hapo ndipo Mombasa ikawa makao yake. Kabla mwaka haujafika katikati alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai mkewe Rosine alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na siku chache baadaye mtoto wao wa kike akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kutoka Kisauni ninakoishi si mwendo mrefu, nami nimesimama pale mara nyingi, hasa tangu nilipofiwa.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake wa Church Missionary Society, chama cha misheni cha Uingereza kilichomtuma, kwamba kaburi lile la upweke lilikuwa ishara kuwa kazi katika upande huu wa Afrika imeanza. Wapo wanaoyasoma maneno hayo kama ya mtu asiye na moyo. Mimi nayasoma kama maneno ya mjane aliyekataa kumwambia Mungu kwamba hesabu zimeharibika, ingawa kwa macho ya kibinadamu zilikuwa zimeharibika kweli. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann alipomfikia mwaka wa 1846, wote wawili walipanda Rabai wakiwa wanaumwa homa, wakaanza kujenga.

Mipango ya Krapf mingine haikutimia kabisa. Alitamani kuona mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii, ukivuka bara hadi upande wa Atlantiki, lakini haukujengwa. Waoromo hakuwafikia kama alivyokusudia. Mwaka wa 1853 afya yake ilimrudisha Ulaya, akiwaacha nyuma Wakristo wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza kabisa alikuwa kiwete aliyeitwa Mringe, ambaye hakuishi muda mrefu. Kama mtu angemuuliza Krapf siku ile anapanda chombo, Mungu amekuongoza wapi, sidhani kama angekuwa na jibu la kuwafurahisha waliomtuma.

Rebmann alibaki. Watu humkumbuka kwa siku moja, tarehe 11 Mei 1848, alipouona Mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji, na mabingwa wa jiografia wa London wakambeza kwamba karibu na ikweta theluji haiwezekani. Mimi namkumbuka kwa zile siku nyingine zote. Alikaa katika nchi hii miaka 29. Alimzika mkewe Emma huku, akajifunza lugha moja baada ya nyingine, na kwa kukaa na mtumwa aliyetoka maeneo ya Ziwa Nyasa aliandika kamusi ya lugha ya watu wa huko, nchi ambayo hakuikanyaga; ilichapishwa mwaka wa 1877, naye alikuwa amekwisha kufa. Macho yake yalififia mpaka akawa kipofu. Kwa miaka mingi waumini wake walikuwa kikundi kidogo tu, na wakubwa wake walikuwa na haki ya kuuliza faida iko wapi. Hakuwa na muujiza wa kuwaonyesha. Alikuwa na madaftari ya maneno, shamba, ibada ya asubuhi, na watu wachache waliokuwa wakimjia.

Hakuyaona yaliyofuata. Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, nayo ikaja kuwa chini ya uangalizi wa William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe aliokolewa utumwani na kulelewa India. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliojificha katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai, walipewa hati za uhuru baada ya waliokuwa wakiwadai kulipwa fidia. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka wa 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Jengo la kanisa la kwanza la Rabai sasa ni makumbusho, na ningefurahi kama walimu wa dini wangewapeleka wanafunzi pale angalau mara moja.

Hata hivyo sithubutu kusema kwamba Rosine alikufa ili watumwa waje wapate kimbilio. Huko ndiko kujifanya karani wa Mungu, na ndiko wanakopotokea njia wengi wetu kwenye matanga. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Lakini aliyatamka hayo miaka mingi baada ya shimo na gereza, yeye aliyetupwa ndiye aliyeyatamka, na wala hakuacha kuyaita mabaya kwa jina lake. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumsomea somo hilo akiwa bado ndani ya shimo. Aliyekuwa na wajibu wakati ule alikuwa Reubeni, wajibu wa kuishika kamba na kumtoa.

Vijana hunijia, hasa wa kwaya, wakiniuliza watajuaje uongozi wa Mungu katika kazi na ndoa, kwa kuwa huku wanasikia mtu akisema ameonyeshwa, na kule wanaambiwa wapande mbegu ya shilingi elfu kadhaa ndipo mlango ufunguke. Huwajibu kwamba Mithali inasema moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali Bwana huziongoza hatua zake. Kufikiri ni juu yako, nako kunahusu kuuliza wazazi, kutazama mshahara, kumchunguza mchumba, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Na mtu akikuambia kwamba Mungu amemwambia yeye jinsi wewe utakavyoishi, mwombe kwa heshima asubiri Mungu akuambie na wewe.

Nawaomba wachungaji na wahubiri wetu mambo mawili, tena nawaomba kwa upendo. Kwanza, tunapomzika mtu aliyeuawa na uzembe, uzembe huo utajwe pale pale kaburini, kisha ndipo tumkabidhi marehemu kwa Mungu. Hayo mawili hayagombani. Pili, mgonjwa anapoletwa madhabahuni aombewe, awepo mzee wa kanisa atakayemuuliza dawa zake ziko wapi na kliniki yake ni lini, na kama hana nauli, sadaka ya siku hiyo itoke. Mke wangu aliombewa mara nyingi kanisani kwetu, naye alipenda sana kuombewa. Ila mtu wa kumsindikiza kliniki, mbali na mimi, hakupatikana hata mmoja kwa miaka yote ile.

Rebmann alipoondoka mwaka wa 1875, haoni tena, hakusafiri peke yake. Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja aliyekuwa mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai, alifuatana naye mpaka Ulaya. Rebmann alikuwa amehubiri karibu miaka 30 kwamba Mungu huwaongoza watu wake, na mwisho akaongozwa hivyo, na kijana wa Rabai. Tangu mke wangu afariki, mimi na wazee wenzangu wawili tumekuwa tukienda kliniki ya kisukari kila Jumanne pamoja na wagonjwa wa mtaa wetu, tukiwashika mkono wale ambao macho yao yameanza kufifia. Kabla ya kuondoka nyumbani, tunaomba.

Wako katika Kristo,
Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa