Msizitoe mashine saa za kugonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji wenye saa za mezani za kugonga, hasa zile Smiths Enfield za Uingereza ambazo bado naziona juu ya makabati ya wazee hapa Tanga. Siku hizi saa ikisimama, mashine yake ya shaba hung'olewa ikauzwa kwa kilo, na ndani kikapachikwa kimashine cha betri kisichogonga. Ukiuliza, unaambiwa si saa ya thamani, zilitengenezwa nyingi mno kiwandani.

Kutengenezwa kwa wingi ndiko kunakoziokoa! Mashine za aina moja zinafanana, kwa hiyo gurudumu la saa iliyokufa huweza kufufua nyingine. Ninalo boksi la mashine kuukuu, na kila kipande humo kina kazi.

Tena nyingi hazijaharibika, zimechafuka tu. Mafuta ya zamani yakishachanganyika na vumbi husaga kama msasa: ncha za vyuma zinalika, matundu ya shaba yanapanuka, meno hayashikani tena sawasawa. Ukipulizia mafuta ya kopo juu ya uchafu huo, saa huamka kwa muda, watu wakafurahi, kumbe inaendelea kujisaga. Mama mmoja wa Chumbageni aliniletea yake ikinuka mafuta ya cherehani kote, na tundu moja la upande wa kugonga limevutika upande mmoja. Nikalitia bushi, yaani kipete kipya cha shaba, na leo inagonga. Upande huo hauna mapumziko: saa inayogonga hesabu ya saa, na mara moja kila nusu, hupiga mara 180 kwa siku.

Mafuta ya nazi nayo tuyaache jikoni. Yanaganda yakawa gundi, na shaba inaota kijani.

Anayetaka kuijua kazi ya kweli, amtazame fundi wake. Kabla ya skrubu yoyote ya mashine, kamani zote mbili, yaani springi zinazoiendesha saa, zilegezwe polepole kwa ufunguo. Kamani iliyojaa ikifyatuka huvunja meno ya gurudumu na hata kidole cha mtu. Kisha mashine ifunguliwe yote, ioshwe, na kila tundu lisuguliwe kwa kijiti kilichochongwa hadi kijiti kitoke safi. Mwisho ni tone dogo la mafuta ya saa kwenye kila tundu. Meno ya magurudumu yaachwe makavu.

Babu yangu aliitegesha akrabu kwa saa zetu za Kiswahili, ikawa saa moja asubuhi inagonga moja. Sauti ile ndiyo iliyotuamsha kwenda shule, na siko tayari kuona sauti kama hiyo inauzwa kwa kilo.

Kabla hujaipeleka kwa fundi, isikilize kwanza. Tik-tak yake ikichechemea, pigo moja refu na jingine fupi, kunja karatasi ngumu uiweke chini ya upande mmoja, kisha ujaribu wa pili, mpaka mapigo yalingane. Huenda ilisimama kwa sababu tu kabati lilihamishwa. Na fundi akishikilia kutia betri, mdai mashine yako ya zamani, nzima, pamoja na skrubu zake.

Fundi saa,
Ngamiani, Tanga