Nyigu wa Shela hawakuzuka juzi

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka kumi na tisa bila kukuandikia neno. Ile taarifa yenu ya ukurasa mzima, kwamba spishi mpya za nyigu wachimbaji, wale wanaochimba vishimo mchangani, zimezuka nazo ni hatari, ndiyo iliyoniinua barazani.

Mwandishi wako anasema spishi hizo mpya "zimezuka". Hazikuzuka. Kwa wataalamu wa wadudu, spishi mpya ni ile ambayo haikuwahi kuelezwa kwa maandishi na kupewa jina la kisayansi, kwa utaratibu unaohesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyepanga majina ya viumbe, mwaka 1758. Mdudu mwenyewe pengine amelala miaka arubaini kwenye droo ya makumbusho, kachomwa pini, mpaka atokee mtu wa kumlinganisha na wenzake mshipa kwa mshipa wa bawa. Tena mkapamba ukurasa kwa picha ya dondora waliojazana kwenye kiota kinachoning'inia darini! Nyigu mchimbaji hana kiota cha shirika. Kila jike na shimo lake.

Ijumaa narudi msikitini, namkuta kijana wa jirani, gazeti kwapani, dumu la mafuta ya taa mkononi, anamimina kwenye vishimo vya mchanga nyuma ya ua wangu. "Shikamoo mzee, hawa ndio wale wauaji." Wauaji wa nani? Vishimo vile nimekaa navyo tangu utoto, sijaumwa hata mara moja. Jike hana kundi la kupigania, ukimsumbua huenda zake. Dume hana hata mwiba. Hawa wetu ni jamii ambayo wataalamu huiita Bembix, nyigu wa mchangani. Jike hufukua kwa miguu ya mbele, mchanga ukaruka nyuma kama kuku apekuapo jalalani. Akitoka huziba mlango. Akirudi hushuka palepale, amemkumbatia nzi chini ya tumbo, keshamdunga, akamwingizia mwanawe. Mtoto akimaliza, mama huleta mwingine. Nzi, Mhariri! Mji wenye punda kila kichochoro na ng'onda kila kamba, halafu tunamwagia mafuta ya taa yule anayetupunguzia nzi bila kudai mshahara. Harufu imekaa siku tatu. Nzi wamehamia kwenye sahani yangu.

Na maadamu tunazungumza habari ya kuchimba: hao wanaojaza magunia kwa mchanga wa vilima vya Shela wakajengee, mbona hamwaandiki? Maji matamu ya visima vya Lamu yako chini ya vilima hivyo hivyo. Mchimbaji wa miguu sita kapewa ukurasa mzima na neno "hatari". Wa sepetu hajapata hata mistari miwili.

Mlete huyo mwandishi wako. Nitampa kigoda, kofia ya ukili na dafu moja, si mawili. Akae mbele ya shimo moja toka saa nne mpaka adhuhuri, ahesabu nzi wanaoingia. Wakifika kumi naye hajaumwa, aandike upya, na picha apige mwenyewe. Nauli ya boti kutoka Mokowe, gati ya bara, ni juu yenu.

Msomaji wa siku nyingi,
Shela, Lamu