Shukrani kwa mzee wa Kelmscott

Mzee wangu, nakushukuru mbele za watu kwa kuwa tuliachana bila kujua jina lako.

Tulikuwa tukitembea kutoka Lechlade, Uingereza, kwenda kuiona Kelmscott Manor, nyumba ya mawe ya chokaa iliyojengwa karibu na mwaka 1600. Mvua ikatukuta njiani, na mama akateguka mguu.

Ukasimamisha gari. Ukamkalisha mama kiti cha mbele, ukamfunga kifundo kwa skafu yako, ukatufikisha hadi getini. Hukuondoka. Ulimshika mkono ukamwonyesha paa: vigae vya mawe, vikubwa chini ukingoni, vikipungua ukubwa kadiri vinavyopanda. Ukatueleza kwamba William Morris, mbunifu na mwandishi Mwingereza aliyepanga humo tangu 1871 hadi kufa kwake 1896, alivifananisha na magamba ya samaki na manyoya ya ndege. Mama, binti wa mwashi, alisahau maumivu kabisa!

Jioni ukaturudisha Lechlade, ukakataa hela ya mafuta.

Wenye magari, mkimwona mgeni anachechemea barabarani, simameni. Mzee, mguu umepona, na mama anakusalimu sana.