YAH: Malalamiko ya kutowasilishiwa michango ya NSSF kwa kuitwa "mtoa huduma"

Meneja Rasilimali Watu,
Ofisi Kuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninafanya kazi ya kupokea na kupanga vifurushi kwenye ghala lenu la Kurasini. Nilipoomba taarifa ya michango yangu NSSF, sikukuta hata mwezi mmoja uliolipwa na kampuni. Nilipouliza ofisini kwenu nikajibiwa kwamba mimi si mwajiriwa, ni "mtoa huduma", ndivyo mkataba unavyosema, na nikitaka pensheni nijiandikishe mwenyewe kama mama lishe na bodaboda wanavyofanya. Jibu hilo silikubali.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema anayemfanyia mwenzake kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe umeandikwa vyovyote, ikiwa anaelekezwa namna ya kufanya kazi, au anapangiwa saa, au anapewa vitendea kazi, au anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au hana mwingine anayemfanyia kazi. Sababu moja tu ikiwepo inatosha, na kuanzia hapo ni juu yenu kuthibitisha vinginevyo.

Sasa tazameni ghala lenu. Asubuhi ninasaini daftari la mahudhurio kwa msimamizi, na nikichelewa ninakatwa. Fulana ina nembo yenu. Skana ninayotumia ina namba yenu, na jioni siruhusiwi kutoka getini kabla haijahesabiwa. Nilipofiwa niliomba ruhusa kwa barua. Mtoa huduma gani anaomba ruhusa ya kwenda msibani? Angekuwa wa kweli angemtuma mtu mwingine amshikie kazi, jambo ambalo mkataba wenu huohuo unanikataza.

Mwajiriwa wa sekta binafsi hajiungi NSSF kwa hiari yake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Ninyi mnanikata kodi ya zuio ya asilimia 5, ile inayokatwa kwenye malipo ya watoa huduma, kisha basi. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na kila mwezi mnaoacha kulipa unanisogeza mbali na hiyo hesabu.

Kuna na hili linaloniuma zaidi. Mwenzetu aliangukiwa na mzigo mguuni akiwa zamu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutoka kwa mwajiri peke yake, ungepaswa kumhudumia. Haikuwa hivyo, kwa sababu naye mnamwita mtoa huduma. Fedha za matibabu tulichangishana wenyewe kwenye grupu la WhatsApp.

Ninaomba mniandikishe kama mwajiriwa, muwasilishe michango yote tangu nilipoanza kazi bila kuyakata malimbikizo hayo kwenye mshahara wangu wa sasa, na mfanye vivyo hivyo kwa wenzangu wote wa ghalani. Nataka majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Msiponijibu, nitapeleka barua hii, mkataba na nakala za daftari la mahudhurio kwa wakaguzi wa NSSF na kwa Afisa Kazi.

Wenu,
Mpokeaji vifurushi, Ghala la Kurasini