Kabla hujachagua mkabala

Kamachumu, Muleba
9 Novemba

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku mlimani. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimeshika, na pikipiki zinapanda kwetu kwa kusukumwa. Barua yako niliipata Jumatatu pamoja na rasimu ya pendekezo lako la utafiti, nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unaniuliza ushike mkabala upi: ule wa riziki endelevu, unaoitazama kaya kwa mitaji mitano inayoitegemea, utafiti shirikishi ambao wanakijiji wenyewe wanauliza na kuchambua, au dodoso la kaya mia tatu kama anavyotaka msimamizi wako. Nitakujibu, ila nianze na bibi mmoja wa hapa kijijini.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mdadisi wetu mmoja, yaani mtu wa kupita na dodoso nyumba kwa nyumba, kijana hodari, mwandiko wake na adabu yake havina kasoro. Tulimkuta bibi amekaa mkekani na ungo mapajani, anachambua senene, wale panzi wa kuliwa. Ni msimu wake huu, unajua. Anamshika senene, anang'oa mbawa, anang'oa miguu, anamtupia bakulini, na macho yake hayamo kwenye ungo bali kwetu. Kijana akasalimu, akaeleza shughuli, akawasha kishikwambi, akauliza swali la kwanza: "Bibi, kaya yako ina watu wangapi?"

Bibi akauliza, "Wanaolala au wanaokula?"

Maana pale wanalala watatu, yeye na wajukuu wawili. Lakini chungu kiko kwa mwanawe, hatua hamsini kupitia migombani, na ndiko wanakokula wote. Ada ya shule ya wajukuu inatoka kwa binti yake aliye Mwanza, naye ndiye anayetuma hela ya dawa ya shinikizo la damu. Tafsiri ya kaya tuliyofundishwa, ambayo haipishani na ya sensa, ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kijana akasita, kisha akaandika 3. Tulipofika sehemu ya chakula, vyakula vilivyopikwa na kaya hii siku saba zilizopita, ikawa hakuna, hakuna, hakuna. Kwenye mashine yule bibi alikuwa na njaa ya kufa, na hali mbele yetu bakuli lilikuwa linakaribia kujaa. Senene hawakuwa na mstari wao kwenye dodoso.

Hakuna aliyedanganya, somo. Bibi alisema kweli na kijana alifuata mwongozo. Ndiyo maana nakuomba, kabla hujabishana na msimamizi wako kuhusu mkabala, kaa na maswali yako moja moja. Swali ndilo linalokichora kijiji utakachokwenda kukiandika.

Usidhani nakuza jambo dogo. Mwaka 2007 na 2008 hapa hapa Tanzania lilifanyika jaribio ambalo kila anayetaka kupima maisha ya vijijini angepaswa kulijua. Kaya zipatazo 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu, zikapimwa matumizi yake kwa namna nane tofauti. Wengine waliandika shajara kila siku, wengine waliulizwa wakumbuke wiki moja, wengine wiki mbili, wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula, wengine fupi. Wilaya zile zile, miezi ile ile. Walipokokotoa ni wangapi wenye njaa, namna moja ilitoa asilimia 19, nyingine asilimia 68. Fikiria hapo: mkuu wa wilaya aliyepewa 19 na mwenzake aliyepewa 68 watapanga bajeti mbili zisizofanana hata kidogo, na tofauti yote imezaliwa na namna ya kuuliza. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikwenda kufungua madodoso yangu ya zamani nikayatazama upya, na usiku ule sikulala vizuri.

Jambo la pili ni waliohama. Kwenye rasimu umeandika utawahoji "wakazi wa kijiji". Kagera hii hii ulianza utafiti mwaka 1991, wakati UKIMWI unaimaliza mikoa hii, kaya zaidi ya 900. Watafiti wakarudi mwaka 2004, na tena mwaka 2010. Walichofanya ni kuwatafuta watu wenyewe popote walipokwenda, Mwanza, Dar es Salaam, hadi Uganda. Kwa mwaka 2004 zile kaya 900 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Waliohama walikuwa wamepata nafuu ya maisha kuliko waliobaki, kiasi kwamba ukuaji wa matumizi yao ulizidi kwa pointi 36 za asilimia hivi. Wangeishia kuwahoji waliobaki, wangeona karibu nusu tu ya umaskini uliopungua. Yule binti wa Mwanza hayumo kwenye kaya ya bibi, ila mtoe uone kama utaielewa ile nyumba. Omba namba za simu, somo. Ni jambo dogo la gharama ndogo, na litakuokoa.

Sasa mitaji mitano. Siukatai mkabala ule. Unasaidia usisahau kitu: watu, ardhi, fedha, vifaa, mahusiano. Kosa langu nililifanya mwaka wangu wa kwanza, nilipochora jedwali la safu tano na kuanza kulijaza kama daftari la duka. Nikafika kwenye kibanja, lile shamba la kuzunguka nyumba. Kibanja cha Mhaya utakiweka safu ipi? Ni ardhi, sawa. Lakini ndani yake mna migomba, mibuni, na maharage chini yake, na udongo wake umerutubishwa kwa samadi na nyasi za vizazi. Babu na baba wamezikwa humo. Ukoo una kauli juu yake, huuzi kwa mtu baki hivi hivi tu. Mimi nilikiweka kwenye "mtaji asili", na kwa kufanya hivyo nikakosa kabisa kueleza kwa nini mjane aliye na mibuni inayozaa anaweza kuwa hana kitu. Hana kauli. Kuna pia shamba la rweya, kule kwenye nyasi, ambalo mara nyingi ni la jembe la mwanamke, na ukihoji ukiwa umekaa sebuleni na baba mwenye nyumba halitajwi.

Utafiti shirikishi naupenda kwa moyo wangu wote, na ningependa ujue kwamba sehemu ya historia yake ni yetu. Mwaka 1975, Bagamoyo, Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Ufini aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha na wenzake mradi wa Jipemoyo pamoja na wizara iliyoshughulikia utamaduni. Wanavijiji, wakulima na wafugaji Waparakuyo, walishiriki kuuliza na kuchambua mambo yao wenyewe. Enzi hizo vijiji ndiyo kwanza vinahamishwa na kupangwa upya, na kumwuliza mkulima anaonaje halikuwa jambo la kawaida. Leo neno "shirikishi" limechakaa. Mkutano chini ya mti, mwenyekiti anazungumza, wazee wanaitikia, akina mama nyuma wamenyamaza, picha inapigwa, imeandikwa "jamii imeshirikishwa". Tafadhali usifanye hivyo.

Fanya kazi ya kadi. Andika jina la kila kaya ya kitongoji kwenye kadi yake, mpe mtu mmoja anayewajua wote, apange mafungu kwa hali ya maisha kama aonavyo yeye. Kisha mtu wa pili, peke yake, na wa tatu. Mwulize kila mmoja kwa nini. Mimi nilimpa fundi cherehani, mzee wa kanisa na mama muuza ndizi. Kulikuwa na kadi ya mama mmoja mwenye nyumba ya bati na saruji, ambaye mimi kwa macho yangu ningemweka juu. Wote watatu walimweka fungu la chini. Muuza ndizi akaniambia, "Huyu hayumo kwenye chama chochote cha kuzikana. Akifa leo, nani atabeba maji?" Nililiandika neno lile kama lilivyo. Kwenye dodoso langu la kurasa 32 hapakuwa na swali la namna hiyo.

Nyakatoke, kijiji kingine cha Kagera, mwaka 2000 watafiti waliwauliza watu wa kaya zote 119 ni nani wanaweza kumtegemea kwa msaada, au anayewategemea. Mara nyingi mmoja alimtaja mwenziwe, na mwenziwe hakumtaja yeye. Nalifikiria sana jambo hilo. Ungehoji upande mmoja tu ungedhani umeuona undugu wote.

Jihadhari pia na jinsi utakavyoonekana. Tangu mpango wa TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, wa kunusuru kaya maskini uanze, mtu akija na orodha ya majina na kishikwambi, watu wanapiga hesabu. Ng'ombe wanakuwa wa shemeji. Siwalaumu hata kidogo, mtu mwenye watoto lazima apime maneno yake. Barua ya chuo ipitie mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, ila ukishafika usikae ofisini kwa mtendaji. Kaa wiki nzima bila kuhoji mtu. Palilia nao, nenda msibani, uzoeleke.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: punguza kaya ziwe 120 badala ya 300, chukua vijiji viwili, kimoja kando ya lami na kingine mbali kabisa, na uende mara mbili, Novemba kama sasa na tena Februari wakati senene hawapo na akiba zimepungua. Anza na kadi, dodoso lije baadaye, na litungwe kwa maneno utakayoyasikia. Mitaji mitano iweke sura ya pili, msimamizi wako aridhike. Swali la kaya ligawe: wanaolala, wanaokula, wanaotuma. Mwambie limetoka kwa bibi wa Kamachumu, kwa sababu ndiye aliyeliuliza.

Nilirudi kwake juzi, peke yangu, nikaanza upya. Alinipa senene kwenye jani la mgomba, wa kukaanga, nikakuwekea nusu. Kuna kijana anashuka Bukoba Alhamisi kupanda basi la Morogoro, nitampa kopo lako, pamoja na kadi zangu za zamani na rasimu yako niliyoichorachora. Pendekezo jipya nitumie kabla halijakwenda kwenye kamati.

Msalimie mama na wadogo zako wote.

Somo yako